Alama ya Lugha na Sikio la Msomaji: Upimaji wa Tovuti kwa Mashine katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa upande wa Tanzania ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa wakazi wa Kigoma na Ujiji, ambao dagaa na migebuka ndiyo kitoweo chao na ndiyo fedha yao, habari ya namna hiyo si ya kupitwa nayo. Mvuvi aweza kuipata mwaloni, Kibirizi au Katonga, kwa kuambiwa na mwenzake. Hata hivyo, mambo mengi ya umma yamehamia kwenye tovuti: zabuni, nafasi za kazi, matokeo ya mitihani, majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano. Mtu asiyeona huzisoma tovuti kwa masikio, akisaidiwa na programu ya kusomea skrini ambayo hugeuza maandishi kuwa sauti. Mhadhara huu unauliza ni nani anayehakikisha kwamba sauti hiyo inasema Kiswahili.

Kwa upande wa sheria msingi upo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 ya mkataba huo inataja waziwazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilifuata mwaka 2010. Kwa upande wa ufundi, kipimo kinachokubalika duniani ni miongozo ya ufikivu ya shirika la W3C, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999, la 2.0 mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018 na la 2.2 mwaka 2023. Kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kukagua kurasa elfu kwa siku, zilibuniwa programu za kupima: Bobby mwaka 1996, WAVE mwaka 2001, na axe mwaka 2015. Programu hizi huupitia msimbo wa ukurasa na kutoa orodha ya kasoro.

Isidhaniwe kwamba kazi ya mashine hizo ni ya kubezwa. Zipo kasoro ambazo mashine huziona vizuri kuliko jicho la mkaguzi. Miongozo hudai kwamba maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Hiyo ni hesabu tupu, na kompyuta huifanya bila kuchoka. Mkoani Kigoma hesabu hiyo ina wenyewe. Shule ya Kabanga, wilayani Kasulu, ilipokea watoto wenye ualbino waliokimbizwa kutoka makwao kutokana na mashambulizi ya mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Ualbino huambatana na uoni hafifu, na kijana aliyekulia hapo akikutana na maandishi ya kijivu juu ya karatasi nyeupe, ukurasa huo kwake ni kama haukuandikwa. Shirika la WebAIM lilipozipima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja mwaka 2025, asilimia 94.8 zilionekana kuwa na kasoro, na kasoro iliyoongoza ilikuwa hiyohiyo ya rangi.

Mambo hubadilika tunapofika kwenye lugha. Miongozo hudai kwamba kila ukurasa utaje lugha yake kwa alama iliyofichwa ndani ya msimbo: «sw» kwa Kiswahili, «en» kwa Kiingereza. Programu ya kusomea skrini huitazama alama hiyo ili ichague sauti ya kusomea. Sauti ya Kiswahili ipo. Imo katika eSpeak NG, inayotumiwa na programu ya bure ya NVDA iliyoanza kutengenezwa Australia mwaka 2006. Tatizo ni kwamba mtengenezaji wa tovuti mara nyingi huanza na kiolezo kilichoandaliwa ughaibuni, chenye alama ya «en» tayari. Hubadilisha maneno yote yanayoonekana na kuiacha alama isiyoonekana.

Chukuliwe ukurasa wa kubuni unaotangaza kufungwa kwa mialo ya Ujiji, ulioandikwa kwa Kiswahili fasaha lakini ukiwa na alama ya «en». Mashine ya kupima huuliza mambo mawili tu: je, alama ipo? Je, ni msimbo halali? Majibu yote ni ndiyo, na ukurasa unafaulu. Msikilizaji naye husikia irabu za Kiswahili zikipondwa kwa kanuni za Kiingereza, na jina la mji wake likitoka kama «Yujijai». Chukuliwe sasa ukurasa wa pili, wenye maneno yaleyale, lakini usio na alama yoyote. Huo unafelishwa na mashine. Lakini mtumiaji aliyeiweka sauti ya Kiswahili kuwa sauti yake ya kawaida atausikia barabara, kwa sababu hakuna alama ya kuibadili sauti hiyo. Hivyo ukurasa uliofaulu haueleweki, na uliofeli unaeleweka! Mashine hupima kuwapo kwa dai, wala haipimi ukweli wake.

Udhaifu huohuo uko kwenye picha. Mashine hutaka kila picha iwe na maelezo mbadala, nayo hutosheka na neno «picha» kama inavyotosheka na sentensi kamili inayoeleza kwamba hiyo ni meli ya Liemba ikiwa gatini Kigoma. Baya zaidi ni tangazo lililopigwa muhuri na kutiwa saini, likapitishwa kwenye skana na kupandishwa kama faili. Kipimo cha ukurasa kinaweza kuishia kwenye kiungo cha faili hilo bila kulifungua. Ndani yake hamna herufi hata moja. Mna picha ya herufi. Muhuri unaolipa tangazo uzito mbele ya mwenye macho hauna faida kwa asiyeona.

Hata alama ikiwa sahihi, sarufi ina madai yake. Tarakimu haina ngeli. Mwandishi akiandika «mitumbwi 2» na «wavuvi 2», msomaji wa Kiswahili hutamka «miwili» na «wawili» bila kufikiri. Programu isiyojua nomino iliyotangulia hutamka «mbili» pande zote. Hakuna kipimo katika miongozo hiyo kinachogusa jambo hili, kwa kuwa miongozo haikuandikwa na watu wanaohesabu kwa ngeli.

Je, mashine yaweza kufundishwa kulinganisha alama na maneno? Yaweza, na nyenzo hazianzi sifuri. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikwisha kuonyesha katika makala ya mwaka 1992 jinsi kompyuta inavyoweza kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili. Njia nyepesi ya kuhesabu maneno madogo ingetosha kukitenga Kiswahili na Kiingereza, lakini Kigoma ingeyumba. Maneno «na», «ya» na «wa» yamo pia katika Kiha na Kirundi, lugha zinazosikika kuanzia Kasulu hadi kambi ya Nyarugusu. Ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Uvira, kuna Kiswahili cha Kongo, ambacho orodha ya kimataifa ya misimbo imekipa alama yake, «swc», kando ya «swh» ya Kiswahili cha pwani na Tanzania. Kiha kina «haq». Maneno ya kutenganishia lugha hizi, kama vile «katika», «kwamba» na «ambaye», yanapaswa kuteuliwa na mtu aliyezisikiliza zote. Hadi orodha hiyo ipatikane, ripoti ya mashine haina budi kufuatwa na msikilizaji mwenye spika za masikioni, anayekijua Kiswahili, akiusikiliza ukurasa mzima tangu kichwa cha habari hadi namba ya simu iliyo chini kabisa.