Unameza Dawa ya Thairoidi na Bado Unachoka?

 

Thairoidi ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo. Ikifanya kazi kidogo kuliko inavyopaswa, unachoka, unahisi baridi, unanenepa na choo kinakuwa kigumu. Dawa yake ni levothairoksini. Lakini yuko mama anayeimeza kila siku na bado ndoo ya maji inamshinda. Nyumbani huambiwa ni uvivu. Mama, si uvivu.

Kwanza, angalia unavyoimeza. Ukiimeza pamoja na chai ya maziwa, haiingii mwilini vizuri. Imeze asubuhi kwa maji, kabla hujala chochote, kisha ngoja nusu saa hadi saa moja ndipo unywe chai. Vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu, vimeze saa 4 baadaye.

Pili, rudi hospitali uombe kipimo cha damu kiitwacho TSH. Hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya dozi kubadilishwa. Uliza pia kama una upungufu wa damu, kwani nao huchosha.

Tatu, ukipata mimba, nenda kliniki mapema. Mara nyingi dozi huongezwa, maana ubongo wa mtoto hutegemea thairoidi ya mama.

Usijiongezee dozi mwenyewe. Moyo waweza kwenda mbio. Wala usiache dawa. Andika dalili zako kwenye karatasi, umsomee daktari. Ni haki yako kusikizwa.

Hadi juma lijalo, kwaheri.