Jiwe la Mpaka ni Moja, Namba Zake ni Mbalimbali

Maneno ya hotuba juu ya vipimo vya ramani, kwa watu wa Wiyoni, Lamu



Mtu wa Lamu akiambiwa kwamba boti ya Mokowe itaondoka saa mbili asubuhi, hutazama saa yake ya mkononi akaona namba 8, wala hasemi kwamba saa imeharibika. Ajua kwamba wakati ni mmoja ila hesabu ni mbili: moja huanzia mapambazuko, nyingine huanzia usiku wa manane. Huongeza sita, akashika safari yake. Anayeachwa na boti ni yule mgeni asiyeuliza saa hizo ni za hesabu gani.

Namba za ramani nazo ni vivyo hivyo, ila hasara yake yaweza kuwa kubwa kuliko kuachwa na boti.

Fikirini ndugu wawili wa Wiyoni waliorithi kiwanja. Mkubwa ameshika karatasi ya kale ya marehemu baba yao, yenye namba za mahali lilipo jiwe la mpaka. Mdogo ametia namba hizo katika simu yake, akazifuata hatua kwa hatua, na simu ikamsimamisha katika uwanja wa watu wengine, karibu mita 300 upande wa kaskazini. Mara ugomvi ukazuka. Huyu asema jiwe limeng'olewa, yule asema karatasi ni ya uongo. Kumbe yawezekana kabisa kwamba jiwe halikuguswa, karatasi ni ya kweli, na simu nayo haikukosea. Kilichosahauliwa ni swali moja tu: namba hizi ni za mfumo gani?

Yafaa ijulikane kwamba dunia ni mviringo, lakini imebonyea kidogo kwenye ncha zake mbili. Kabla ya kuandika namba yoyote, wapima ardhi huchagua kwanza umbo la hesabu linalofanana na dunia, kisha mahali pa kuanzia kupima. Kwa ramani za Kenya za mizani ya 1 kwa 50,000, umbo lililochaguliwa ni lile la Mwingereza Clarke la mwaka 1880, na mahali pa kuanzia ni Buffelsfontein, katika Afrika ya Kusini. David Gill, mwanafalaki wa huko Cape, ndiye aliyeanzisha katika karne ya 19 kazi ya kupima kutoka kusini kuja kaskazini kwa kufuata longitudo ya digrii 30. Wapima walipanda vilima, wakasimamisha nguzo, wakapima pembe kutoka kilima hadi kilima, na mstari huo mrefu ukakamilika mwaka 1954. Kutokana na kazi hiyo ukapatikana mfumo uitwao Arc 1960.

Satelaiti, kwa upande wake, hazijui kilima wala nguzo. Huzunguka dunia, na hesabu yake huanzia katikati ya dunia yenyewe. Mfumo wake ni WGS 84, uliotungwa na Idara ya Ulinzi ya Marekani, nao ndio uliomo katika simu na katika vyombo vya mabaharia. Kwa kuwa misingi ya mifumo hii miwili ni mbalimbali, mahali pamoja hupata namba mbili. Katika nchi ya Lamu, namba ya WGS 84 huwa kusini zaidi kwa sekunde 9 hivi, na mashariki zaidi kwa sekunde 3 hivi, kuliko namba ya Arc 1960. Sekunde 9 za latitudo ni karibu mita 280. Juu ya ramani ile ni karibu milimita 6 tu, upana wa penseli. Juu ya ardhi ni viwanja vingi.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Huko Greenwich, Uingereza, wageni husimama juu ya mstari maarufu wa longitudo sifuri; lakini chombo cha satelaiti huonyesha sifuri yake kiasi cha mita 102 mashariki ya mstari huo.

Basi, namba hugeuzwaje? Kwanza, hutafutwa jina la mfumo wa karatasi, ambalo kwa kawaida huandikwa pembeni mwa ramani. Pili, namba za mita za mraba wa ramani hurudishwa kuwa latitudo na longitudo. Tatu, latitudo na longitudo hugeuzwa kuwa umbali wa namna tatu kutoka katikati ya dunia. Kwa wastani wa Kenya na Tanzania, anayetoka Arc 1960 kwenda WGS 84 hupunguza mita 160 katika umbali wa kwanza, mita 6 katika wa pili, na mita 302 katika wa tatu. Nne, hesabu hurudishwa tena kuwa latitudo na longitudo, safari hii kwa umbo la dunia la mfumo mpya. Programu ya kompyuta huyafanya yote hayo mara moja, mradi iambiwe kweli namba zimetoka wapi.

Lakini hapana budi kujihadhari. Wastani huo waweza kukosea mita 20 hivi. Kwa nahodha anayetafuta mlango wa bahari, huo ni msaada tu, na macho yake bado yana kazi. Kwa mtu anayejenga ukuta, haufai hata kidogo. Tena ziko ramani za kale za viwanja zilizohesabiwa kwa futi, kwa utaratibu wa Cassini-Soldner. Hizo zina namna yake ya kugeuzwa. Kazi ya ukuta ni ya mpima ardhi mwenye leseni, aanzaye kupima kutoka nguzo zinazojulikana.

Hata mataifa hufuata adabu hiyo. Tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu juu ya mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, kaskazini ya visiwa vya Lamu, ilitaja namba za mpaka pamoja na jina la mfumo wake, WGS 84.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 nayo yasema kwamba mipaka ya ramani ya usajili ni ya kukadiria tu, isipokuwa pale mpaka ulipopimwa na kuthibitishwa rasmi. Ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi, na kung'oa alama ya mpaka ni kosa la jinai.

Kwa hiyo ndugu wale wawili wasishikane mashati, wala asithubutu mmoja wao kulisogeza jiwe ili lilingane na simu. Na kila aandikaye namba za kiwanja, kisima au kaburi la wazee, aandike kando yake jina la mfumo na tarehe. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na namba bila jina la mfumo wake ni daftari lililokatwa nusu.