Somo kwa Watu Wazima: Santuri Ina Pande Mbili

Hamjambo nyote mliokusanyika Tukuyu, Kiwira na Katumba, hasa ninyi mliofika darasani kwa mvua. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno hili: SANTURI. Lisomeni pamoja. Sa-ntu-ri.

Leo najibu barua iliyotoka Tukuyu. Vijana wanne wana magitaa mawili na ngoma. Wanasema, wakipiga nyimbo zinazovuma, watu wa arusini hucheza na kuwatunza. Wakipiga wimbo walioutunga wenyewe kwa Kinyakyusa, wazee hukaa kimya wakasikiliza, lakini fedha haziji. Wawili wanataka kuacha kutunga. Wawili wamekataa, na sasa hawasalimiani.

Jambo hili si geni. Mnamkumbuka Mbaraka Mwinshehe? Alipiga gitaa katika Morogoro Jazz, na mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Mwaka 1973 akaunda bendi yake, Super Volcano. Siku zile Radio Tanzania ilizirekodi bendi zetu, na nchi nzima ikazisikia. Lakini wimbo wa redio hauuzwi dukani, nasi hatukuwa na kiwanda cha santuri. Mwenye kutaka kuuza alisafiri mpaka Nairobi.

Huko alikuta kipimo. Santuri ndogo ina pande mbili, na upande mmoja huchukua dakika nne, au tano kwa kubana. Dansini wimbo huweza kwenda mpaka watu wachoke. Basi nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili: kwanza maneno, kisha, ukigeuza santuri, magitaa na kucheza. Wako walionunua kwa ajili ya upande ule wa pili tu. Hapo ndipo fundi alipojulikana. Mvivu aliimba maneno mawili matatu akakimbilia kwenye magitaa. Fundi aliyapanga maneno yake hata kisa kizima kikaenea upande wa kwanza. Wimbo wa Mbaraka uitwao “Shida” ulipendwa mno, Tanzania na Kenya, nao unasema mambo ya shida, kama jina lake lilivyo. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Wimbo wake ungali unapigwa.

Vijana wangu, siwalaumu wawili wanaotaka fedha. Nyuzi za gitaa hununuliwa. Haziachi machipukizi kama migomba. Lakini wimbo wenu mnaupiga saa gani? Kama ni wakati watu wangali wanakula, nani atainuka? Ngojeni wapate joto. Ufupisheni, mkaweke sehemu ya kucheza mwishoni. Ila yale maneno yaliyowanyamazisha wazee, msiyaguse.

Kazi ya nyumbani. Kila mtu achague wimbo mmoja anaoujua, aandike sentensi tatu: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini. Ninyi wanne, andikeni pamoja, karatasi moja.

Kwaherini.