Leseni ya Mchimbaji na Kibali cha Maji
Hotuba iliyosomwa Tura, katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimetakiwa niseme machache juu ya visima. Wenzangu walionitangulia wamesema juu ya bei ya tumbaku na juu ya mizani, mambo yanayochangamsha baraza. Mimi nimeachiwa maji, tena upande wa sheria yake, ambao haumchangamshi mtu. Niwieni radhi. Lakini azimio lililo mbele yetu, la kutenga fedha za ushirika ili vyama vya msingi vichimbe visima virefu, ni azimio juu ya jasho lenu, na fedha zikiisha kuzikwa ardhini hazifukuliwi.

Mahali hapa panafaa kwa maneno haya. Tura, kwa Kinyamwezi, ni neno la kumwambia mpagazi: tua mzigo. Msafara uliotoka pwani, ulipokwisha kuvuka Ugogo, uliingia Mgunda Mkali, nyika ya mwendo wa siku nyingi yenye maji ya kubahatisha, na Tura ndiyo iliyoupokea katika mlango wa Unyamwezi. Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Katika nyika ile wapagazi walipiga telekeza, maana yake waliondoka mchana baada ya kupika na kunywa, wakaenda mpaka giza, wakalala pasipo maji, ili kesho yake wayafikie. Huko nyuma, Ugogoni, walikuwa wamekwisha kulipa hongo, na visima vya huko navyo vilikuwa na wenyewe. Hakuteka kila aliyetaka.

Basi kwamba maji ya chini yana mwenyewe si jambo geni katika njia hii. Kilichobadilika ni huyo mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, namba 11 ya mwaka 2009, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1974, yasema kwamba maji yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Shamba laweza kuwa lako kwa hati au kwa mila. Maji yaliyo chini yake si yako. Mtu kuteka maji ya kunywa na kupikia, au kutumia nyumbani kisima alichochimba kwa jembe na sururu, hahitaji kibali. Lakini chama kikileta mtambo, kikateremka katika mwamba, kikapandisha maji kwa pampu ili kunyweshea vitalu vya miche, hapo tumetoka katika mambo ya nyumbani.

Nimewasikia wengi wakichanganya vitu viwili. Leseni ni ya mchimbaji. Kibali ni cha mwenye kuyatumia maji. Kwa Kanuni za mwaka 2013, mwenye kutafuta maji ardhini na mwenye kuyachimba kila mmoja hana budi awe na leseni ya Serikali. Kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya bonde, na mkoa wetu umegawanyika: maji yanayoshuka kuelekea Ugalla na Malagarasi yamo katika Bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo bodi yake iko Kigoma, yanayoelekea Wembere yamo katika Bonde la Kati, na bodi yake iko Singida. Kisima cha kuhudumia kijiji kizima chahusu pia Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2019.

Sasa niseme lililonipata. Nilikuwa mtunza hazina wa chama kimoja cha msingi. Tuliafikiana na mchimbaji kwa bei ya mita. Hatukumwuliza leseni, tulimwuliza bei, na bei yake ilikuwa ndogo. Alikuja mwezi wa Machi, nchi imelowa, mbuga zimejaa. Siku ya pili maji yalitoka, wanawake wakapiga vigelegele, nasi tukalipa zote siku ile ile, kwa furaha. Risiti niliiandika kwa mkono wangu. Mwezi wa Oktoba, wakati wa vitalu, pampu ilitoa matope, kisha ikatoa hewa. Wake zetu wakarudi kufukua mchanga wa mto.

Tulipomwita mtafiti mwenye leseni, swali lake la kwanza lilikuwa: taarifa ya kisima iko wapi? Hatukuwa nayo. Mwamba ulianza mita ya ngapi? Maji yalionekana wapi? Pampu ilijaribiwa kwa saa ngapi, na maji yalishuka kiasi gani? Hakuna aliyejua. Ikabidi kazi ianze upya, na upimaji tulioukwepa tukaulipia baadaye.

Nchi yetu hii imekaa juu ya mawe ya kale ya itale. Jiwe hilo lenyewe halina maji. Maji yamo katika tabaka lililooza juu yake na katika nyufa zake. Kwa hiyo kwenda chini zaidi si kupata zaidi. Anayelipwa kwa mita, asiyeulizwa na mtu, atazidi kuteremka katika jiwe kavu nanyi mkizidi kulipa. Mwenye leseni naye aweza kukosa maji, sikatai. Lakini yeye anatakiwa aandike alichokiona na apeleke taarifa serikalini, na hata kisima kikavu kilichoandikwa vizuri chamfaa atakayechimba baada yake. Aidha asipoweka saruji kuzunguka bomba upande wa juu, maji machafu ya mvua yatateremka kandokando mpaka ndani, na pampu nzuri itatunywesha uchafu wa zizi. Tena maji yapelekwe kupimwa, kwa maana floridi haionekani kwa macho. Ndugu zetu wa Singida na Shinyanga wanaijua kwa meno yao.

Bwana mmoja aliniambia juzi, "Hicho kibali ni hongo ya pili." Nilicheka, kisha nikafikiri. Hongo ilimnunulia msafiri njia, akapita, ikaisha. Kibali chaandikwa katika daftari, na kiasi cha maji yetu kikajulikana. Siku tajiri atakapokuja na pampu kubwa jirani na kisima chetu, tutasimama na nini mbele ya bodi kama hatumo katika daftari hilo?

Lakini lawama yake sikuitupa yote. Kumtaka katibu wa chama cha msingi afunge safari hadi Kigoma au Singida kwa karatasi moja ni kumtwisha mzigo asiouweza, na ndiyo maana wengi huchimba kimyakimya. Waheshimiwa wa Serikali mlioko hapa, nawaomba mlisikie hilo.

Kwa hiyo naleta nyongeza katika azimio, Bwana Mwenyekiti. Chama Kikuu kikusanye maombi ya vyama vyote na kuyapeleka kwa pamoja. Kabla ya mkataba, nakala ya leseni ya mchimbaji ibandikwe ukutani mwa ghala, kila mwanachama aione. Sehemu ya malipo, nami nataka iwe theluthi, izuiwe mpaka pampu ijaribiwe mwisho wa kiangazi na taarifa ya kisima iwe mkononi mwa katibu. Najua wachimbaji hawatalipenda sharti hili, na huenda wengine wakapandisha bei. Na wapandishe, tutajadiliana nao.

Maandishi ya nyongeza hii yako mezani kwa Katibu. Wanaotaka kuisoma kabla ya kura wamfuate wakati wa chakula.