Nguo Alizozishona Tabitha



Sura ya 9 ya Matendo ya Mitume yatuonyesha mwili wa Tabitha ukiwa umelazwa ghorofani kule Yopa. Petro anapoingia, wajane wanamzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea marehemu. Hawakuwa na hotuba. Walikuwa na nguo, na waliijua mikono iliyozishona.

Sisi hapa Chiwata, tukizishika nguo tulizovaa leo, twaweza kumtaja nani? Nyingi ni mitumba. Mtu wa Ulaya au Marekani alizitoa sadaka, akaenda zake na amani moyoni. Njiani sadaka ikapimwa kwa kilo, ikafungwa marobota, ikatufikia ina bei. Hatumlaumu kijana anayezitandaza juu ya turubai siku ya gulio, wala mama anayemchagulia mwanawe shati kwa fedha chache za korosho. Wazee wetu wanakumbuka uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kitambaa kilipokuwa cha foleni na hata sanda ilikuwa taabu kuipata. Mitumba ilituvika. Hilo tulikiri mbele ya Mungu.

Lakini aliyevikwa ana haki pia ya kufuma. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza ilikuwa na Mwatex, Musoma ikawa na Mutex. Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, viwanda vyetu vilikuwa vimekwisha kudhoofika kwa mitambo chakavu, umeme wa kukatika na uongozi mbaya (tusiwasingizie wageni yote). Hatimaye vikatakiwa kushindana na shati ambalo mwenyewe alilitoa bure. Ni mashindano gani hayo?

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuipunguza mitumba hatua kwa hatua hadi ikome. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya ushuru iliyotolewa na sheria ya AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Papa Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba mapatano ya soko hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana, ikiwa nguvu zao hazilingani. Uhuru huo wa biashara ni wa nani, ikiwa mmoja anaruhusiwa kuuza na mwingine haruhusiwi kukataa?

Hapa kwetu fundi cherehani, aliyekuwa akishona magauni, sasa kazi yake ni kupunguza suruali za watu wanene wa mbali. Kitambaa kizima hukipata siku chache kabla ya Krismasi, na wengi humlipa nusu. Nusu ya pili huikumbuka Pasaka. Deni hilo Marekani haihusiki nalo. Jumuiya ndogo ndogo zimekubaliana kwamba nguo za Komunyo ya Kwanza za mwaka huu zishonwe na mafundi wa hapa kijijini, na kila mzazi alipe fedha yote siku ile anapoichukua nguo.