Mbu na Maji Yake

Wasikilizaji wangu, na hasa ninyi wanafunzi, leo nataka tuzungumze habari za mdudu ambaye kila mkazi wa Ilala na Kariakoo humjua kwa sauti kabla ya kumwona kwa macho. Wanafunzi hupenda kuuliza, "Mwalimu, je, mbu huzaliwa katika uchafu?" Jibu ni hili: mbu wote huzaliwa majini, lakini si wote wapendao maji ya namna moja.

Zamani watu wa Ulaya walidhani kwamba malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawani. Ndiyo maana ya jina hilo kwa Kitaliano. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Wakati uo huo Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani, alikuwa akichunguza homa hiyo hapa hapa Dar es Salaam.

Basi tuwatazame mbu watatu. Wa kwanza ni kuleksi, mwenye kutusumbua usiku kwa mlio wake. Yeye hutaga katika maji machafu ya vyoo vya shimo na mifereji iliyoziba, naye hueneza matende na mabusha. Wa pili ni aedesi, mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana. Hutaga katika makopo, mapipa na magurudumu yaliyotupwa, naye ndiye aliyeeneza homa ya dengi mjini mwetu mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Wa tatu ni anofelesi, mbu wa malaria. Huyu hupenda zaidi maji yaliyotulia, yapigwayo na jua, na mara nyingi yaliyo safi.

Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu na kushuka hadi baharini. Katika bonde lake udongo wa mfinyanzi huzuia maji yasizame upesi. Mvua ikisha, hubaki vidimbwi katika nyayo za ng'ombe na kati ya matuta ya mchicha. Humo hukua anofelesi. Kwa joto la pwani yetu, yai laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 14.

Mtamtambuaje? Chukueni bakuli jeupe, mchote maji ya kidimbwi, mtulie mtazame. Kiluwiluwi wa kuleksi huning'inia kichwa chini, akivuta hewa kwa mrija ulio mkiani. Kiluwiluwi wa anofelesi hana mrija huo. Kwa hiyo hulala sambamba na uso wa maji. Mkisha kutazama, mwageni maji hayo juu ya mchanga mkavu.

Elimu hii ina faida kubwa. Mtu aweza kufagia ua wake kila asubuhi, akaridhika, na huku kidimbwi kisafi nyuma ya nyumba kinalea mbu watakaomwua mtoto wake. Kifukieni kidimbwi hicho, ama kitoeni maji kabla juma halijaisha. Funikeni mapipa, zibeni matundu ya choo kwa wavu, laleni ndani ya chandarua. Na mtoto mdogo akishikwa na homa, msingoje kesho. Apelekwe hospitali siku ile ile, apimwe damu.