Spea za Habu: Kuingia Si Kufaa



Leo tunazungumzia habu, yaani kitovu cha gurudumu, pamoja na beringi, sili, stadi na nati zake.

Spea zisizotoka katika kiwanda kilichounda gari si haramu, na nyingi ni imara. Zisichanganywe na spea bandia, ambazo hubeba alama ya mtu mwingine bila idhini yake na zimekatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Hata hivyo, spea halali nayo yaweza isiwe ya gari lako. Habu yenye matundu 10 ya stadi yaweza kukaa sawasawa kwenye ekseli, huku ikikosa pete ya mfumo wa ABS. Lori litatembea, upungufu utadhihirika siku ya kufunga breki ghafla katika mteremko wa Kitonga, shehena ikiwa kamili.

Kabla ya kununua, chukueni namba ya spea iliyopo kwenye kifaa cha zamani, namba ya chesisi na aina ya ekseli. Trela nyingi hufungwa ekseli za kiwanda kingine, hivyo jina lililoandikwa ubavuni halitoshi. Daini risiti ya EFD inayotaja namba ya spea. Mlaji anayetuletea boksi tupu bila risiti hutupa kazi ngumu ya kumtetea.

Wakati wa kufunga, gari lishikiliwe na stendi imara, si jeki pekee. Beringi yenye roli na kikombe chake hubadilishwa pamoja, kwa sababu kikombe kilichochakaa huharibu roli mpya. Sili nayo iwe mpya kila habu inapofunguliwa. Ikivuja, grisi hufika kwenye lainingi na kudhoofisha breki. Nati zikazwe kwa spana ya torki, kwa kufuata kipimo cha kitabu cha mtengenezaji, zikikazwa kwa kukabiliana, si kwa kufuatana.

Kazi haiishii gereji. Nati hulegea kadiri vifaa vipya vinavyojikalisha, hivyo zipimwe tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Kwa lori litokalo Dar es Salaam, Chalinze ni mahali pafaapo. Hapo, sogezeni mkono karibu na kila habu bila kuigusa; iliyo na joto kuliko wenzake ina hitilafu, na safari isiendelee.

Ndugu zetu, gurudumu la lori likichomoka humfuata hata mama anayeuza nyanya kando ya barabara, ambaye hakushiriki kuchagua spea hiyo. Mkigundua kasoro, hifadhini kifaa, boksi na risiti, kisha mtuletee malalamiko yenu.